Wanasiasa wa Kikurdi gerezani: Kwa nini maandamano ya amani yaungwe mkono

MWAKA 1991, mbunge mpya kutoka Diyarbakır, Leyla Zana, alisimama katika Bunge la Uturuki mjini Ankara kula kiapo. Aliapa kwa Kituruki kama sheria ilivyotaka, kisha akaongeza sentensi moja kwa Kikurdi kuhusu udugu wa Waturuki na Wakurdi. Ukumbi ulichafuka.

Mwaka 1994 aliondolewa kinga ya kibunge, na Desemba mwaka huo yeye na wenzake watatu walihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa madai ya kuwa wanachama wa kundi la PKK. Waliachiwa Juni 2004, ingawa tangu mwaka 2001 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikuwa imekwishaamua kuwa kesi yao haikuendeshwa kwa haki.

Ili kuelewa mkasa huo, ni vyema kukumbuka kwamba PKK ilianza vita dhidi ya serikali ya Uturuki mwaka 1984, na watu zaidi ya 40,000 walipoteza maisha. Wasomaji wa Afrika Mashariki hawajasahau kuwa kiongozi wake, Abdullah Öcalan, alinaswa Nairobi Februari 1999. Vita hivyo viliipa dola hoja nyepesi: anayedai haki za Wakurdi, hata kwa maneno matupu, huweza kuhesabiwa pamoja na wenye bunduki.

Hoja hiyo ndiyo iliyomkuta Selahattin Demirtaş. Chama chake cha HDP kilipata viti 80 vya ubunge katika uchaguzi wa Juni 2015. Mei 2016 Bunge lilibadili Katiba na kuwaondolea kinga wabunge waliokuwa na majalada ya kesi, na tarehe 4 Novemba 2016 Demirtaş alikamatwa pamoja na mwenyekiti mwenza, Figen Yüksekdağ. Mwaka 2018 aligombea urais akiwa gerezani na kushika nafasi ya tatu.

Mashtaka makubwa yalihusu Oktoba 2014, pale HDP ilipowaita watu barabarani kupinga kuzingirwa kwa mji wa Kobani nchini Syria. Ghasia zilizuka na watu kadhaa waliuawa. Serikali inashikilia kuwa mwito huo ndio uliosababisha vifo, na kwamba mahakama zake ni huru. Hata hivyo, Desemba 2020 jopo kuu la Mahakama ya Ulaya liliamua kuwa mwito huo haukuvuka mipaka ya kauli za kisiasa, likaagiza Demirtaş aachiwe mara moja. Uturuki, ambayo ni mwanachama wa Baraza la Ulaya na inabanwa na hukumu hizo, haikutii. Mei 2024 mahakama ya Ankara ilimhukumu miaka 42.

Hapa ndipo umuhimu wa njia ya amani unapoonekana. Jiwe moja likirushwa, mjadala huhama kutoka haki ya kusema kwenda kwenye usalama, na huko mwenye dola ndiye mwenye sauti. Juni 2020 wanachama wa HDP waliandamana kutoka Edirne na Hakkari kuelekea Ankara, baada ya wabunge watatu kuvuliwa ubunge. Walizuiwa njiani mara kadhaa, lakini hakuna aliyeweza kusema kwa haki kwamba kutembea ni ugaidi.

Njia hiyo haina matokeo ya haraka, wala haiwakingi wanaoifuata. Wanataaluma 1,128 waliotia saini tamko la amani Januari 2016 walikiona cha moto: wapo waliofukuzwa kazi na wapo walioshtakiwa. Lakini Julai 2019 Mahakama ya Katiba ya Uturuki yenyewe ilikiri kuwa uhuru wao wa maoni ulikiukwa. Ushindi huo ulipatikana kwa sababu mikono yao ilikuwa mitupu.

Mei 2025 PKK ilitangaza kujivunja na kuweka silaha chini. Bunduki zikinyamaza, kisingizio cha kuwafunga wasemaji nacho hupungua nguvu. Anayetaka amani hiyo idumu hana budi kuwaunga mkono wanaodai kwa utulivu wafungwa hao waachiwe, kwani vijana wakiona kwamba maneno na bunduki vina adhabu moja, nani atawashawishi wachague maneno?