Chakula cha safari kwa mwenye kisukari: Nini kifungwe, nini kiachwe

ABIRIA anayepanda basi alfajiri mjini Ushirombo, wilayani Bukombe, kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza, hupita Uyovu, Bwanga, Katoro, Geita na Sengerema kabla ya kuvuka ziwa kwa Daraja la J.P. Magufuli, lililofunguliwa Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi.

Kila basi linaposimama, wachuuzi huinua dirishani mahindi ya kuchoma, mihogo ya kukaanga, ndizi mbivu, maandazi, soda na juisi za chupa. Kwa abiria mwenye afya njema hilo si tatizo. Kwa abiria mwenye kisukari, karibu kila kinachoinuliwa ni wanga au sukari, na mara nyingi hakuna kingine cha kuchagua.

Matokeo yake ni kwamba mgonjwa hufika kliniki akiwa na kiu na kichwa kizito, na kipimo chake husomeka juu kuliko ilivyo kawaida yake. Safari aliyoifunga kwa ajili ya matibabu inakuwa imeyavuruga matibabu yenyewe.

Jambo hili linawagusa wengi. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa asilimia 9.1 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari. Mwaka huo huo ndipo Bukombe ilipotoka Mkoa wa Shinyanga na kuingia Mkoa mpya wa Geita.

Kwa nini wanga

Wanga ukishaliwa huvunjwa tumboni na kuwa sukari, ambayo huingia katika damu. Mwili wa mwenye kisukari hushindwa kuiondoa sukari hiyo kwa kasi inayotakiwa. Protini na mafuta hupandisha sukari kidogo na polepole zaidi.

Ndiyo maana ripoti ya wataalamu iliyotolewa na Chama cha Kisukari cha Marekani mwaka 2019 ilieleza kuwa kupunguza wanga kwa ujumla ndiyo njia ya lishe yenye ushahidi mwingi zaidi katika kushusha sukari ya damu. Kwa kawaida mlo huhesabiwa kuwa wa wanga kidogo unapokuwa na chini ya gramu 130 za wanga kwa siku.

Kiasi hicho humalizika upesi. Gramu 100 za unga wa mahindi zina takriban gramu 75 za wanga. Soda ya kawaida ya mililita 350 ina takriban gramu 35 za sukari, sawa na vijiko vidogo vya chai karibu tisa.

Vyakula vya asili navyo

Wapo wanaoamini kuwa wakiacha soda na maandazi, wakabeba michembe au matobolwa kutoka nyumbani, watakuwa salama kwa kuwa hivyo ni vyakula vya asili. Imani hiyo ina kasoro.

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vikiwa vibichi, na matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Kiazi kibichi kina maji kwa zaidi ya theluthi mbili ya uzito wake. Maji yakiondoka, wanga hubaki wote. Kwa hiyo, konzi moja ya matobolwa hubeba wanga mwingi zaidi kuliko konzi ya viazi vya kuchemsha, ingawa kwa macho huonekana kidogo. Vipande viwili au vitatu vyaweza kuliwa pamoja na kitoweo, lakini mfuko mzima wa kutafuna njia nzima haufai.

Asali nayo, ambayo Bukombe inasifika kwayo, ni sukari kwa takriban asilimia 80 ya uzito wake. Kuitia katika chai badala ya sukari hakumwondolei mgonjwa tatizo.

Kinachofaa kufungwa

Habari njema ni kwamba chakula chenye wanga kidogo hakihitaji kuagizwa kutoka nje. Kanda ya Ziwa ina dagaa, ambao wakikaushwa vizuri zaidi ya nusu ya uzito wao huwa protini. Dagaa waliooshwa, wakakaangwa hadi wakakauka na kutiwa ndimu, hukaa vizuri safarini na huliwa bila kijiko. Mwenye shinikizo la damu achague wale wasiotiwa chumvi nyingi.

Karanga za kukaanga ni kitafunwa kingine. Konzi moja ya gramu 30 ina takriban gramu 5 za wanga na gramu 7 za protini. Zilizoota ukungu, zilizosinyaa au zenye uchungu zitupwe, kwa kuwa huenda zina sumukuvu. Sumu hiyo ndiyo iliyosababisha vifo mikoani Dodoma na Manyara mwaka 2016 kutokana na mahindi.

Yai moja la kuchemsha lina takriban gramu 6 za protini na wanga usiofikia gramu 1. Yafaa kufungwa na ganda lake na kumenywa wakati wa kula. Parachichi lisilokatwa, matango na nyanya nzima hukamilisha mlo, na hutoa nyuzinyuzi. Kwa kinywaji, maji safi yanatosha, au chai ya rangi isiyo na sukari katika chupa ya chai.

Kuku wa kuchoma au samaki wa kukaanga pia hufaa, ila kwa masharti. Vijidudu huzaliana kwa kasi chakula kinapokuwa kati ya nyuzijoto 5 na 60 za Selsiasi, na kitoweo kilichopoa hakitakiwi kukaa zaidi ya saa mbili kabla ya kuliwa. Muda huo hupungua hadi saa moja katika joto kali. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya kuku ndani ya basi lenye joto huoza. Kitoweo na mayai viliwe mwanzoni mwa safari, na dagaa wakavu na karanga vibaki kwa ajili ya mchana na kwa dharura ya basi kuharibika njiani.

Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini. Bakuli lenye mfuniko unaobana, likiwekwa katika kikapu au mfuko wa kitambaa, hulinda chakula vizuri zaidi. Kapu hilo lisiwekwe kwenye buti bali likae miguuni pa msafiri, ili chakula kipatikane saa ya kula inapofika.

Hatari ya upande wa pili

Hata hivyo, kupunguza wanga kuna hatari yake, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Mgonjwa anayetumia insulini au vidonge vya glibenclamide hupewa dozi kulingana na ulaji wake wa kawaida. Akimeza dawa ileile huku ameacha ugali ghafla, sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi. Metformin ikitumiwa peke yake kwa kawaida haileti hali hiyo.

Dalili zake ni kutetemeka, jasho jembamba, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Ndani ya basi, abiria wa namna hiyo huweza kudhaniwa kuwa amelewa au amelala. Hatari ni kubwa zaidi kwa mchimbaji mdogo wa dhahabu anayeshuka shimoni na chakula kidogo, kwa sababu kazi nzito nayo hushusha sukari.

Kwa hiyo, kabla ya kubadili mlo, mgonjwa azungumze na daktari ili dozi iangaliwe upya. Wajawazito, watoto na wenye ugonjwa wa figo wasijaribu mlo huu bila ushauri, kwani figo dhaifu huelemewa na protini nyingi. Aliyeagizwa kufika kliniki bila kula naye afuate agizo hilo, na aulize mapema kama dawa ya asubuhi inamezwa au inasubiri.

Chupa ndogo ya asali

Hapo ndipo asali ya Bukombe inapopata nafasi yake kapuni. Sukari ikishuka chini ya 3.9 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, mgonjwa huhitaji gramu 15 za sukari inayofanya kazi haraka. Kijiko kimoja kikubwa cha asali, au nusu chupa ya soda ya kawaida, hutosha. Baada ya dakika 15 apime tena, na kama bado iko chini arudie. Ikisharudi, ale kitu kidogo chenye wanga, kama vipande vya matobolwa. Aliyepoteza fahamu asilishwe wala kunyweshwa chochote, bali akimbizwe kituo cha afya kilicho karibu.

Ni vyema pia jirani wa kiti akaambiwa mapema kuwa mwenzake ana kisukari na kwamba chupa ya asali imo kapuni. Mgonjwa akishaanza kuchanganyikiwa, huenda asiweze tena kuieleza hali yake mwenyewe.