‘Ni katuni tu, mama’: Tujifunze kwa wazazi wa Marekani

Jumamosi moja jioni nilikuwa jikoni nakaanga kitunguu, mwanangu wa miaka tisa akaja na simu yangu mkononi. “Mama, naomba niangalie hii.” Kwenye kioo kulikuwa na picha ya kijana mwenye upanga, amevaa koti la miraba ya kijani na nyeusi. Nikamuuliza ni nini. “Ni katuni tu, mama.”

Nikamwambia haya, angalia, ila usipandishe sauti.

Dakika kama 10 baadaye nilipita nyuma ya kochi kuchukua sahani. Yule kijana wa kwenye picha alikuwa amerudi nyumbani na kukuta mama yake na wadogo zake wameuawa, damu imetapakaa hadi kwenye theluji. Mwanangu alikuwa ameshika mto kifuani, macho hayapepesi.

Nilichukua simu, akalia. Nilichojilaumu si kule kumpa simu. Ni kwamba nilisikia neno “katuni” nikaona nimeshajibiwa kila kitu.

Filamu ile inaitwa Demon Slayer, ni ya Kijapani. Vibonzo vya Japani dunia nzima huviita anime, na vile vya mapigano ndivyo watoto wetu wanavyovigombania kwenye simu. Usiku ule nilianza kufuatilia historia yake, nikakuta kuna wazazi waliopita njia hii zamani kabla yetu. Ni wazazi wa Marekani. Wao waliuziwa vibonzo hivi kwa zaidi ya miaka 60, na namna walivyouziwa ina mengi ya kutufundisha.

Mkasi ulipofanya kazi

Anime ilianza kuonekana kwenye televisheni za Marekani mwaka 1963, kupitia kipindi cha Astro Boy, roboti mtoto aliyebuniwa na mchoraji Osamu Tezuka. Wakati huo Mmarekani wa kawaida alikuwa na wazo moja kuhusu katuni: ni kitu cha watoto wadogo, cha kuwatuliza wazazi wakiwa na shughuli zao.

Japani haikuwa hivyo. Kule hadithi za michoro zina majarida yake kulingana na umri. Yapo ya watoto wadogo, ya wavulana, ya wasichana, na ya watu wazima wanaosoma kwenye treni wakienda kazini. Jarida la Shonen Jump, lililoanza mwaka 1968 na ambalo ndilo lililozaa Dragon Ball, One Piece, Naruto na Demon Slayer, linalenga wavulana, hasa waliokwishaanza kupata akili. Kwenye hadithi hizo watu hufa, huvuta sigara, hulewa na kutokwa damu.

Wafanyabiashara wa Marekani walizipenda hadithi hizo, lakini walitaka kuziuza kwa mtoto wa miaka saba. Wakachukua mkasi.

Mwaka 1978 kipindi cha Kijapani kiitwacho Gatchaman kilioneshwa Marekani kwa jina jipya, Battle of the Planets. Sehemu za ukatili zilikatwa, na muda uliobaki wazi ukajazwa na roboti mchangamfu ambaye hakuwemo kabisa kwenye kazi ya Wajapani.

Dragon Ball Z ilipoanza kurushwa kule mwaka 1996, waliokufa hawakuitwa wafu. Ilisemwa wamepelekwa kwenye ulimwengu mwingine. Bia kwenye glasi iligeuzwa maji. Kuna sehemu mazimwi wa kuzimu walivaa fulana zilizoandikwa HELL, yaani jehanamu. Wahariri walichezea herufi mbili likasomeka HFIL, neno lisilo na maana yoyote, kisha wakalitungia maana yao. Na kwenye One Piece ya mwaka 2004, mpishi wa meli anayevuta sigara muda wote alipewa pipi ya kijiti mdomoni.

Ukisikia haya unacheka. Lakini fikiria walichofanya hasa. Badala ya kumwambia mzazi kwamba hadithi hii ni ya mtoto mkubwa, waliibadilisha ifanane na ya mtoto mdogo. Mzazi wa Marekani akazoea kwamba chochote kilichochorwa kinafaa, maana kuna mtu ameshakichuja.

Kadi, mipira na foleni

Kwa nini walihangaika hivyo na mtoto wa miaka saba? Kwa sababu ndiye anayemvuta mama yake mkono dukani.

Mfano mkubwa ni Pokémon. Kipindi kilianza kurushwa Marekani Septemba 1998, na mwezi huohuo michezo yake ya kompyuta ya mkononi ikaingia madukani. Mwaka 1999 zikafuata kadi. Kadi hizo huuzwa ndani ya pakiti iliyofungwa. Mtoto hajui atapata ipi, akikosa anayoitaka anaomba hela ya pakiti nyingine. Shule nyingi zilizipiga marufuku baada ya watoto kugombana na kudhulumiana. Wapo wazazi waliokwenda mahakamani wakidai kwamba mtindo ule ni kamari.

Novemba mwaka huo filamu ya kwanza ya Pokémon iliingia kwenye kumbi za sinema. Aliyenunua tiketi alipewa kadi. Mgahawa wa Burger King nao ukatoa vinyago vya Pokémon pamoja na chakula cha watoto, kila kimoja ndani ya kasha la plastiki la umbo la mpira. Mwezi uliofuata mtoto wa miezi 13 huko California alikosa hewa na kufa baada ya nusu ya kasha hilo kumganda puani na mdomoni. Zaidi ya makasha milioni 25 yalitakiwa kurudishwa. Kinyago kilikuwa kimefika mikononi mwa mtoto mdogo mno.

Sheria ilijaribu kuweka mipaka. Tangu sheria ya mwaka 1990, matangazo ya biashara kwenye vipindi vya watoto nchini Marekani hayatakiwi kuzidi dakika 10 na nusu kwa saa siku za wikiendi, na dakika 12 siku za kazi. Tangazo la kinyago cha shujaa fulani pia haliruhusiwi kuwekwa ndani ya kipindi cha shujaa huyohuyo. Lakini kama kila tukio la hadithi linaonesha kadi, mpira au upanga unaouzwa dukani, tangazo la nini tena? Kipindi kizima kimeshafanya kazi hiyo.

Watoto walikua, soko likawafuata

Mwaka 1997 kituo cha Cartoon Network kilianzisha Toonami, saa maalumu za vibonzo vya mapigano zilizolenga watoto wanaporudi kutoka shule. Kizazi kizima cha Wamarekani kililelewa na Goku wa Dragon Ball Z baada ya kutua begi la shule.

Kizazi hicho hakikuacha kuangalia kilipoota ndevu. Wauzaji wakaliona hilo. Septemba 2001 kituo hichohicho kilianzisha Adult Swim, vipindi vya usiku kwa watu wazima, na anime ya Cowboy Bebop ilikuwemo tangu usiku wa kwanza. Toonami ilifungwa mwaka 2008, kisha ikafufuliwa mwaka 2012. Safari hii haikurudi alasiri. Ilirudi usiku wa manane wa Jumamosi, kwa walewale waliokuwa watoto, sasa wana kazi na mishahara.

Intaneti ikamaliza kabisa habari ya mkasi. Mashabiki walitaka kazi kama ilivyotoka Japani, damu na yote, tena haraka. Crunchyroll, iliyoanzishwa California mwaka 2006, ilijijenga kwa kuonesha vipindi muda mfupi baada ya kurushwa Japani. Mwaka 2021 kampuni ya Sony iliinunua kwa zaidi ya dola bilioni 1.1 za Marekani.

Sasa linganisha filamu mbili. Ile ya Pokémon ya mwaka 1999 ilikuwa na alama ya G, yaani yeyote anaweza kuiona. Ilivuna kama dola milioni 31 katika wikiendi yake ya kwanza Marekani, rekodi ya anime iliyodumu miaka mingi. Aliyeivunja ni Demon Slayer: Infinity Castle, Septemba 2025, kwa takriban dola milioni 70. Hii ilikuwa na alama ya R: aliye chini ya miaka 17 haingii ukumbini bila mzazi au mtu mzima anayemlea.

Kwa hiyo bidhaa imehama kutoka kwa mtoto kwenda kwa mtu mzima. Tatizo ni kwamba sura yake haikuhama. Goku alipewa puto kubwa kwenye gwaride maarufu la Macy’s jijini New York mwaka 2018, akapita juu ya vichwa vya watoto. Mwaka 2024 McDonald’s ilibadili jina kwa muda na kujiita WcDonald’s, kama migahawa ya kwenye anime, ikatoa mifuko ya chakula yenye michoro hiyo. Fulana, mabegi na vinyago vya mashujaa wa filamu ya R vinakaa karibu na vile vya Pikachu. Mtoto hutamani kitu dukani kwanza, halafu ndipo anatafuta hadithi yake kwenye simu.

Si mabaya matupu

Sitaki mzazi mwenzangu amalize kusoma akafute kila kitu kwenye simu. Nilipotulia niliangalia sehemu tatu za Demon Slayer peke yangu. Ni hadithi ya kaka anayembeba mgongoni mdogo wake wa kike aliyegeuzwa zimwi, akikataa kumtupa. Ina huruma hata kwa adui. Mashujaa wengi wa anime ni watoto waliodharauliwa wanaojifunza kwa jasho, na sishangai kwamba watoto wanawapenda.

Marekani Weusi wengi nao wanazipenda hadithi hizi. Mwigizaji Michael B. Jordan amesema wazi kwamba mapigano ya ngumi kwenye filamu yake ya Creed III ya mwaka 2023 yametokana na mapenzi yake ya anime. Mwaka 2021 Netflix ilitoa Yasuke, iliyobuniwa na Mmarekani Mweusi, LeSean Thomas. Inatokana na Mwafrika wa kweli aliyefika Japani mwaka 1579 na kumtumikia mtawala Oda Nobunaga. Wengi huamini alitoka Msumbiji, pwani yetu hii hii. Ningependa mwanangu amjue Yasuke. Lakini vibonzo hivyo navyo vina damu nyingi. Historia yake nitamsimulia kwanza mwenyewe.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, soma alama. Huduma nyingi tunazolipia hapa kwetu huonesha umri, kama 13+, 16+ au 18+, au herufi za Kimarekani zilizoanza mwaka 1997. TV-Y7 ni kuanzia miaka saba. TV-PG inahitaji mwongozo wa mzazi. TV-14 haifai chini ya miaka 14. TV-MA ni ya watu wazima. Alama hukaa pembeni mwanzoni mwa kipindi, sekunde chache tu.

Pili, usiiachie alama kila kitu. Filamu ya Demon Slayer: Mugen Train ilipata R Marekani, lakini nyumbani Japani ilipewa alama inayowashauri tu wazazi wa watoto walio chini ya miaka 12 wawe waangalifu, na watoto wengi waliiona. Filamu ni moja, nchi mbili zimetoa majibu mawili. Mtoto wako unamjua wewe. Angalia sehemu ya kwanza kabla yake, ni dakika 24 tu.

Tatu, tenganisha. Kama huduma ina ukurasa wa watoto, mfungulie wake, na wako uufunge kwa namba ya siri. Zima pia ile hali ya sehemu inayofuata kuanza yenyewe.

Nne, kumbuka video fupi. Vipande vya mapigano vinavyozunguka mitandaoni havina alama yoyote, na huwa vimechaguliwa pale penye damu.

Tano, mwulize akusimulie. Mtoto anayeeleza nani ni nani na kwa nini anapigana ameielewa hadithi. Anayejua tu nani alikatwa wapi, huyo bado.

Kwangu tumekubaliana. Tunaangalia Pokémon pamoja Jumamosi, na kadi ananunua kwa hela yake ya akiba, si yangu. Ile nyingine tumeiweka hadi akue kidogo. Baba yake anasema miaka 12, mimi nasema 13, bado tunabishana.

Juzi alikuja tena na simu. “Mama, hii je?” Safari hii nilizima jiko kwanza, nikavuta kiti.