Mwenye Ufagio katika Mazizi ya Utafiti

Watu wengi, wakisikia kwamba kijana fulani ameajiriwa mahali pa utafiti wa magonjwa ya wanyama, huuliza mara moja kama yeye ni daktari. Wakijibiwa kwamba kazi yake ni kufagia mazizi na kuosha vizimba, hunyamaza, au hucheka kidogo. Huona kwamba elimu yake imepotea bure, maana ufagio hata asiyejua kusoma huweza kuushika. Yafaa wenye mawazo ya namna hiyo waelezwe kazi hiyo ilivyo, kwani wafugaji wa nchi hii wana deni kubwa kwake.

Na tuanze na sotoka. Katika miaka ya 1890 ugonjwa huo uliteketeza ng'ombe wa Wamasai na wa makabila mengine mengi ya Afrika, na watu waliotegemea maziwa na nyama wakafa kwa njaa. Miaka mingi baadaye, huko Muguga karibu na Nairobi, Dr. Walter Plowright na wenzake walikuza kirusi cha sotoka katika seli za figo za ndama. Walikihamisha tena na tena hata kikapoteza ukali wake, lakini nguvu ya kumkinga ng'ombe haikupotea. Chanjo hiyo ilikuwa tayari mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka wa 2001 sotoka ilionekana kwa mara ya mwisho, katika nyati wa mbuga ya Meru, na mwaka wa 2011 ilitangazwa kwamba ugonjwa huo umekwisha duniani. Kabla ya hapo ni ndui peke yake iliyokuwa imeshindwa namna hiyo.

Sifa za ushindi huo wamepewa wataalamu, nao wanazistahili. Lakini chanjo haiwezi kujaribiwa katika karatasi tu. Hujaribiwa katika ng'ombe aliye hai, na ng'ombe aliye hai hula, hunya na hukojoa kila siku. Hapana budi awepo mtu wa kumsafishia, na jinsi mtu huyo asafishavyo yaweza kuokoa kazi yote au kuiharibu.

Fikiri, msomaji, juu ya mazizi mawili. Katika zizi la kwanza wamo ng'ombe wagonjwa. Katika la pili wamo ng'ombe wazima waliopewa chanjo mpya, na daktari anangoja aone kama chanjo hiyo ina madhara. Mtumishi mvivu amaliza kufagia zizi la kwanza, kisha aingia la pili na viatu vile vile vyenye mavi. Baada ya siku chache ng'ombe wazima washikwa na homa. Daktari atasema nini? Atasema kwamba chanjo yake ndiyo iliyowadhuru, naye ataitupa. Kumbe chanjo ilikuwa njema, na kosa lilikuwa katika kiatu. Au tuseme mtumishi, alipokuwa akiosha vizimba, alibadili kadi mbili bila kukusudia. Mnyama aliyepewa dawa ahesabiwa kuwa hakupewa, na asiyepewa ahesabiwa kuwa alipewa. Sasa dawa isiyofaa yaweza kusifiwa, na mfugaji wa mbali akatoa fedha zake kuinunua.

Ndiyo sababu kazi hii ina taratibu kali. Mtumishi afikapo asubuhi huvua nguo zake za nyumbani, akavaa ovaroli na viatu vya mpira ambavyo havitoki nje ya mahali pale. Mlangoni hukanyaga katika karai lenye dawa ya kuua vijidudu. Huanza kwa wanyama wazima, akamaliza kwa wagonjwa, wala hageuzi mpango huo. Kila chumba kina ufagio wake na ndoo yake.

Kusafisha kwenyewe kuna maarifa. Asiyejua humwaga dawa juu ya mavi, akadhani amekwisha kazi. Lakini dawa nyingi hupoteza nguvu zikikutana na mavi na uchafu. Basi kwanza huondoa mavi yote, kisha husugua kwa maji na sabuni, kisha husuuza, ndipo hutia dawa na kuiacha sakafuni kwa muda ulioandikwa. Wala hachanganyi dawa mbili kwa kudhani kwamba zitazidi nguvu, kwani dawa ya klorini ikikutana na amonia au na asidi hutoa hewa ya sumu. Vizimba vya panya weupe, baada ya kuondolewa maranda machafu, huoshwa kwa mtambo wenye maji ya moto yafikayo nyuzi 82 za sentigredi. Vyombo ambavyo havitakiwi kubaki na kijidudu hata kimoja huingizwa katika mtambo wa mvuke wa nyuzi 121.

Mahali pengine adui ni mdogo mno. Wafugaji waijua ndigana kali, ambayo huletwa na kupe wa masikio. Ili kutengeneza chanjo ya ugonjwa huo, ambayo utafiti wake ulifanywa Muguga, kupe hulishwa juu ya sungura na ng'ombe. Naye kupe huyo akisha kushiba huanguka chini. Msafishaji ajua kwamba katika takataka anazozoa yaweza kuwamo kupe mmoja mwenye maradhi, na ya kwamba kupe huyo akitoka nje atawakuta ng'ombe wa majirani. Kwa hiyo takataka hizo huteketezwa kwa moto, wala hazipelekwi shambani kuwa mbolea.

Tena iko hatari inayomhusu yeye mwenyewe. Katika miaka ya 1930 na 1931 kondoo walikufa kwa wingi karibu na Naivasha, na wataalamu wa Kabete wakagundua ugonjwa uitwao sasa Homa ya Bonde la Ufa. Watu walioshughulika na mizoga na damu ya wanyama hao waliugua pia. Hata panya mzima aweza kumdhuru mtu, kwani wengine, kwa kuvuta kila siku vumbi lenye mkojo wake, hupiga chafya, macho huwasha, na mwisho hupata pumu. Kwa hiyo glovu na kitambaa cha kufunika pua na mdomo si mapambo. Mwajiri ana wajibu wa kuvitoa, na mtumishi ana wajibu wa kuvivaa, hata siku ya joto.

Wako wasemao kwamba wanyama hao wamekusudiwa kufa, basi ya nini kuwahangaikia? Neno hilo si la haki wala si la akili. Mwaka wa 1959 Waingereza wawili, Russell na Burch, walitoa kitabu wakafundisha kwamba mnyama asitumiwe ikiwa iko njia nyingine, watumiwe wachache iwezekanavyo, na maumivu yao yapunguzwe. Lakini kitabu hakiingii zizini alfajiri. Aingiaye ni mwenye ufagio. Yeye ndiye aonaye kwanza kwamba ndama fulani hakugusa majani yake, au kwamba sungura amejikunyata pembeni. Akinyamaza, mnyama atateseka siku nzima. Akisema, daktari atakuja mara moja. Tena mnyama mchafu, mwenye hofu, anayevuta harufu kali ya mkojo, hawezi kumpa mtaalamu jibu la kweli.

Lakini sifa iliyo kubwa kuliko zote katika kazi hii ni ukweli. Hakuna binadamu asiyekosea. Siku moja mtumishi atasahau kufunga mlango, au ataangusha kizimba akawa hana hakika ni panya yupi aliyekuwa wapi. Ni rahisi kuwarudisha panya kwa kubahatisha, kadi zikakaa sawa, na mtu yeyote asijue. Lakini baada ya hapo kila hesabu itakayoandikwa ni uongo, hata kama mwandishi wake hana habari. Yule aendaye kwa mkubwa wake na kusema, "Bwana, nimekosea," aweza kukaripiwa, na labda kazi ya mwezi mzima ikaanzwa upya. Hata hivyo ameokoa fedha nyingi na mifugo mingi. Na mkubwa mwenye busara hatamfukuza, kwa maana akimfukuza mmoja kwa kusema kweli, atakuwa amewafundisha wote waliobaki kuficha.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Mfugaji atazamapo ng'ombe wake wakirudi jioni bila hofu ya sotoka, na awakumbuke wataalamu walioitafuta chanjo. Na awakumbuke pia watu ambao majina yao hayakuandikwa popote, walioinama juu ya sakafu yenye maji kila asubuhi, wakahakikisha kwamba ufagio wa zizi hili hauvuki kwenda zizi lile.