Bahati Nasibu Isiyo na Tiketi

Paukwa! Pakawa! Sogeeni, wanangu, leo nawahadithia barua moja isiyo na bahasha wala stempu. Inaingia kwenye simu ya mama wakati yeye yuko jikoni, na kwa kuwa wewe ndiye unayemsomea ujumbe wake, wewe ndiye unayeifungua.

"Hongera! Anwani yako ya barua pepe imeshinda Bahati Nasibu ya Hispania. Umejipatia euro 615,810." Chini yake kuna namba ndefu ya kumbukumbu, mhuri mwekundu na jina la wakala wa malipo. Kisha yanafuata maneno haya: "Kwa usalama wako, usimwambie mtu yeyote mpaka fedha zikufikie."

Bahati nasibu yenyewe ipo kweli, ndiyo maana uongo huu unaingia akilini. Wahispania wamekuwa wakiicheza tangu 1812, na zawadi yake kubwa wanaiita El Gordo. Kila Desemba 22, mjini Madrid, watoto wa shule ya San Ildefonso, wa rika lenu hasa, wanapanda jukwaani. Mbele yao kuna matufe mawili ya kuzungushwa. Tufe kubwa lina vipira 100,000 vya mbao, kila kimoja kimeandikwa namba yake, kuanzia 00000 hadi 99999. Tufe dogo lina vipira vya zawadi. Mtoto mmoja anaimba namba, mwenzake anaitikia kwa kuimba zawadi, nao huendelea hivyo kwa saa kadhaa, watu wakiwa wamekodoa macho kwenye televisheni na tiketi zao mkononi.

Hebu vitazameni vipira vile kwa makini. Vina namba za tiketi, wala hakuna hata kimoja kilichoandikwa anwani ya barua pepe. Anayeshinda ni yule aliyenunua tiketi, akaitunza, akadai zawadi yake ndani ya miezi mitatu. Kodi ikiwepo, inakatwa humo humo kwenye zawadi, kwa hiyo mshindi hatoi hata senti mfukoni mwake. Sasa mama alinunua lini tiketi ya Madrid?

Lakini tuseme mama ana ada ya shule ya kulipa na hana pa kuitoa. Anajibu. Wakala anamjibu upesi, kwa adabu nyingi, anamwita "mshindi wetu mpendwa". Anaomba jina kamili, namba ya akaunti na picha ya kitambulisho. Siku ya pili anasema hundi iko tayari, imebaki ada ndogo tu ya kuisafirisha, dola 80. Mama anakopa, anatuma. Wiki haijaisha, inadaiwa bima. Ikilipwa bima, inadaiwa hati ya kuthibitisha kwamba fedha si haramu. Kila malipo yanaitwa ya mwisho, na kila mara mama anajiambia: nikiacha sasa, nilichokwisha kutoa kitapotea. Hapo ndipo tapeli anapomshikia. Kadiri mtu alivyotoa, ndivyo anavyoona uchungu kuacha, na kwa sababu alionywa asimwambie mtu, hana wa kumzindua.

Wengine wakishaliwa hivyo hupata barua nyingine, eti ya ofisa wa polisi aliyewakamata wale wezi, na yuko tayari kurudisha fedha zote kwa ada kidogo. Mara nyingi ni genge lile lile, au wenzao waliouziwa majina ya waliotapeliwa.

Mtaniuliza: mbona barua hizi zimejaa makosa ya lugha na ahadi zisizoingia akilini? Mtafiti wa Microsoft, Cormac Herley, aliandika juu ya jambo hili mwaka 2012. Alieleza kwamba kutuma barua kwa maelfu ya watu ni rahisi, kazi iko kwenye kuzungumza na kila anayejibu. Kwa hiyo upuuzi ule ni chekeche: mwenye mashaka anacheka na kufuta, anayebaki ni yule atakayelipa. Msidanganyike basi mkadhani mtu aandikaye vibaya hana akili.

Na mchezo ni wa kale kuliko intaneti. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, watu wa Uingereza na Marekani walipokea barua za posta kutoka kwa mtu aliyedai amefungwa gerezani Hispania, naye ana hazina iliyofichwa. Wamsaidie fedha kidogo atoke, wagawane. Kwetu Tanzania tunaujua kwa sauti nyingine: "Umeshinda, tuma kwanza pesa ya usajili kwenye namba hii." Namba ya tapeli wa namna hiyo huripotiwa TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa kutuma ujumbe kwenda 15040.

Ikifika barua ya aina hii, gusa jina la aliyetuma uone anwani yenyewe. Utakuta jina ni la shirika kubwa lakini anwani ni ya bure, ya aina ambayo hata wewe unaweza kuifungua leo. Usibonyeze kiungo, usifungue kiambatisho, usijibu hata kwa matusi, maana jibu lolote linamwambia tapeli kwamba kuna mtu. Na ikiwa fedha zimeshatumwa, piga simu benki au kwa kampuni ya simu saa hiyo hiyo, kisha nendeni polisi mkiwa na barua zote, msizifute.

Mkimwonya mkubwa, ongeeni naye kwa heshima: "Mama, samahani, kabla hujatuma, tumuulize na mjomba." Basi jioni hii waulizeni wazazi na bibi zenu kama wamewahi kupata ujumbe wa namna hii. Akiwemo aliyelipa, msimcheke wala msimlaumu. Msikilizeni mpaka amalize, kisha mumsaidie kuripoti.