Dakika Mbili za Katuni, Siku Kumi za Kuziandika

Wako watu wanaodhani kwamba filamu ya katuni huanzia kwa mchoraji. Humwona mtoto ameketi mbele ya televisheni, paka wa manjano anaruka ukuta, mtoto anacheka, nao husema, "Kweli wachoraji wana kazi." Kazi wanayo, tena kubwa. Walakini kabla paka yule hajaruka, yuko mtu aliyekaa na kalamu akaamua kwamba paka aruke sasa, si baadaye, na kwamba arukapo mtu yeyote asiseme neno. Huyo ndiye mtunzi wa muswada, na kwa miaka michache hii mimi nami nimekuwa mmoja wao, juu ya ushairi na kazi ya magazeti ambayo ndiyo iliyonilea.

Wataalamu wa lugha wameipa sanaa hii jina la uhuishaji, yaani kutia uhai. Jina ni zuri, ingawa uhai autiaye ni Mola peke yake. Sisi hutia mtikisiko tu. Mimi nitaendelea kusema katuni, kwa kuwa ndivyo wasemavyo watoto ambao kazi yenyewe ni yao.

Kabla ya Ramadhani iliyopita, ofisi moja inayotengeneza vipindi vya watoto ilinitaka niandike miswada sita, kila mmoja wa dakika mbili, ya kuonyeshwa jioni kabla ya magharibi. Muhula niliopewa ni siku kumi. Nikauliza kama zaweza kuongezwa japo tatu. Nikajibiwa kwamba wao wangependa, lakini mwezi hauna simu ya kupigiwa ungoje. Kwa jibu hilo sikuwa na hoja.

Wala hatukuwa wa kwanza kukimbizana na mwandamo. Kule Malaysia katuni ya watoto pacha, Upin na Ipin, ilianza mwaka wa 2007 kwa vipindi vifupi sita vya Ramadhani, kuwaeleza wadogo maana ya mwezi huo. Mwaka mmoja kabla yake, 2006, watu wa Dubai walioneshwa katika Ramadhani kwa mara ya kwanza katuni iitwayo Freej, kazi ya Mohammed Saeed Harib, yenye mabibi wanne wa mtaa wa kale ambao mji mpya umeota pande zote zao. Mabibi hao hawasemi Kiarabu cha vitabuni. Wanasema Kiarabu cha nyumbani kwao. Msomaji naomba alishike hilo, maana nitalirudia.

Basi dakika mbili ni kitu gani? Filamu hupita mbele ya jicho picha 24 kwa kila sekunde. Wachoraji wa kawaida huchora picha moja ikatumika mara mbili, hivyo zikawa 12 kwa sekunde. Dakika mbili ni sekunde 120. Zidisha, utapata michoro 1,440. Siku hizi kompyuta imebeba sehemu ya mzigo, na tena tangu miaka ya 1950 akina Hanna na Barbera wa Marekani walipoanza kutengeneza katuni za televisheni, wachoraji wamejifunza kuuacha mwili umetulia na kutikisa mdomo na mkono tu. Hata hivyo kila neno la mtunzi lina gharama. Nikiandika "watu wakamiminika Marikiti", mimi nimetumia nusu dakika, na kijana wa kuchora amepoteza wiki. Maji ni ghali. Moshi ni ghali. Leso ya maua ni ghali kupita vyote, kwa sababu kila ikunjapo, ua na jina la leso navyo havina budi kukunjika. Bibi wa katika hadithi zangu alivaa leso ya rangi moja isiyo na jina, jambo ambalo hakuna bibi wa Mji wa Kale ambaye angelikubali, lakini tulikuwa na siku kumi.

Na mkasi wa katuni hukata kabla ya nguo kushonwa. Katika filamu za watu, mwongozaji hupiga picha nyingi kisha akachagua. Katika katuni huwezi kumchora paka kwa siku tatu kisha ukamtupa. Wale waliokuwa katika studio ya Warner Brothers, Chuck Jones na mtunzi wake Michael Maltese miongoni mwao, walipewa kama dakika sita kwa filamu moja, nao waliipima kwa sekunde na kwa picha kabla mchoraji hajashika kalamu. Katika studio ya Walt Disney, mwanzoni mwa miaka ya 1930, walizoea kubandika vijipicha ukutani kwa mfululizo, hadithi nzima ikaonekana kama nguo zilizoanikwa kambani, na palipolegea wakapaondoa. Mtindo huo umeenea dunia nzima. Mimi si mchoraji, lakini kila muswada niliuandika kwa vikaratasi, kila kikaratasi tendo moja, nikavipanga sakafuni. Mjukuu wangu alivipangua mara mbili, na mara ya pili mpango wake ulikuwa mwema kuliko wangu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wenzangu washairi hunicheka nikilisema. Shule ya kazi hii ninayo tangu utotoni. Aliyelelewa kwa mizani hupima maneno bila ya kuhesabu vidole. Mshororo wa mizani 16 ukisemwa kwa utulivu, kama mtu azungumzaye na mtoto, huchukua sekunde nne hivi. Nimeupima kwa saa ya mkononi. Dakika mbili zikijazwa maneno tupu zingechukua mishororo 30. Na katuni iliyojaa maneno tupu ni hotuba. Nusu ya muda ni ya macho. Inabaki mishororo 15, ambayo ni beti nne kasoro mshororo. Huo ndio mfuko mzima wa maneno aliopewa mtunzi, salamu zimo humo, na adhana imo humo.

Nilianza kwa kituo. Kama vile mtu atungaye shairi lenye kituo kimoja anavyoujua mshororo wake wa mwisho kabla ya ule wa kwanza, siku mbili za mwanzo nilitafuta miisho sita na sikuandika kingine. Muhula mfupi haumtishi mtu aliyekulia katika malumbano. Baba zetu walijibizana papo kwa papo mbele ya watu, na aliyechelewa kujibu alikuwa amekwishashindwa. Methali isemayo haraka haraka haina baraka ni ya kweli, lakini aliyeitunga hakuwa na ofisi iliyompigia simu kila asubuhi.

Nitoe mfano wa muswada mmoja, ulio mfupi kuliko yote. Bibi amekaanga samaki watatu, amewaweka kwenye sinia. Paka yuko juu ya ukuta. Bibi anatazama jua, mtoto anatazama samaki, paka anamtazama mtoto. Sekunde kumi na mbili hapana asemaye. Bibi anauliza, "Adhana bado?" Mtoto anajibu, "Bado kidogo, bibi." Bibi anakwenda kuleta tende. Mtoto anafumba macho ili asiwaone samaki. Mkia wa paka unapita chini ya picha. Adhana inasikika, bibi anarudi na tende, samaki ni wawili. Bibi anamtazama mtoto. Mtoto, macho bado ameyafumba, anasema, "Paka ameshafuturu."

Hesabu mizani: nane kamili, kipande cha shairi, sekunde mbili. Mtoto yeyote wa Kibokoni au Majengo atacheka, kwa kuwa neno hilo moja limempa paka saumu ambayo hakuifunga.

Ofisi ikataka miswada iandikwe kwanza kwa Kiingereza. Sababu yao ni kwamba mwenye kuidhinisha hasomi Kiswahili kwa wepesi, na muda ni mdogo. Kisha, wakasema, tutatafsiri. Mimi nikawapa muhtasari wa Kiingereza kwa kila hadithi, wa mistari mitano, ili wajue nini kitaonekana. Muhtasari wa paka ukarudi na maandishi pembeni: mwisho haueleweki, afadhali mtoto aseme tu kwamba paka amekula samaki. Wakaniandikia hivyo siku ya sita.

Hapo ndipo ilipo hatari ya kazi za haraka, na ndiyo sababu nimeomba nafasi katika ukurasa huu. Muhula mfupi ukifika, kitu cha kwanza kutupwa baharini ili jahazi lisizame ni Kiswahili. Hukitupa si kwa chuki. Hukitupa kwa kuwa wanaona ni mzigo wa mwisho, kitu cha kupakwa juu kazi ikishakwisha, kama chokaa. Na katika katuni mambo ni kinyume chake. Penye maneno, aghalabu sauti hunaswa kwanza, kisha mchoraji huisikiliza na kuuchora mdomo kwa kuifuata. Akisikia m, b au p, hufunga midomo. Akisikia a, huifungua. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na mdomo huachwa wazi. Maneno mengi ya Mwingereza humalizika ulimi umegota menoni au midomo imekutana, tena ni mafupi: yeye humtaja paka kwa pigo moja la sauti, sisi kwa mawili. Ukimchora mtoto kwa Kiingereza kisha ukamtia Kiswahili, utamwona amekwishafunga kinywa huku sauti bado inatoka. Wenye kutia sauti basi huambiwa wakimbie, au mtafsiri huambiwa akate. Hukata nini? Hukata "bibi". Hukata "tafadhali". Hukata "inshallah". Adabu yetu yote imo katika vineno hivyo ambavyo katika hesabu ya sekunde huonekana ni ziada.

Mambo haya tumekwisha kuyaona. Mwaka wa 2010 ilianza kuonyeshwa Uingereza katuni ya Tinga Tinga Tales, hadithi 52 za wanyama za dakika 11 hivi kila moja, iliyotengenezwa Nairobi na vijana wa hapa, kwa mtindo wa uchoraji wa marehemu Edward Saidi Tingatinga wa Tanzania. Kazi safi, na fahari ilikuwa yetu. Lakini walisema Kiingereza. Mikono ilikuwa yetu, hadithi zetu, ulimi wa mwenye kulipa. Kwa upande mwingine, tangu mwaka wa 2014 watu wa Ubongo, Dar es Salaam, wamekuwa wakiwafundisha watoto hesabu kwa katuni na nyimbo za Kiswahili. Kwa hivyo asije mtu akaniambia haiwezekani.

Na wala muda hauokolewi. Kuandika kwa Kiingereza, kuidhinisha, kutafsiri, kisha kuirekebisha tafsiri iingie mdomoni, kungetula siku nne katika kumi. Nikaipeleka hesabu hiyo ofisini. Pamoja nayo nikapeleka miswada yote sita nikiisoma mwenyewe, nimeinasa kwa simu, kila mmoja na sekunde zake, ili hata asiyejua neno asikie kwamba umeenea. Hesabu waliielewa upesi kuliko hoja za utamaduni. Ajabu ni kwamba pesa zao hulipwa kwa ukurasa, na muswada wa paka ulikuwa nusu ukurasa baada ya kuandikwa mara saba. Lakini hayo ni ya siku nyingine.

Likabaki gomvi dogo, ambalo kwangu halikuwa dogo. Bibi anamwita mjukuu: "Ndoo." Kijana mmoja wa ofisini, mwenye Kiswahili chake cha shuleni kizuri tu, akasahihisha kwa wino mwekundu, "Njoo", akaongeza kwamba ndoo ni chombo cha maji. Nikamwambia bibi huyu ni wa Mvita, na kwamba tangu azaliwe hajamwita mtoto kwa neno lile la pili. Nikamtajia wale mabibi wanne wa Dubai. Akaniuliza je, watoto wa bara wataelewa? Nikamwambia watauona mkono wa bibi unaita, na ndiyo faida ya picha. Tukakubaliana bibi aseme "ndoo" na mtoto, aendaye shule, aseme "naja". Mwenye kusikia atajua ni vizazi viwili chini ya paa moja.

Muswada wa mwisho niliukabidhi siku ya kumi baada ya sala ya alasiri. Siku ya kunasa sauti, binti wa miaka minane aliyemsemea mtoto alipewa mistari yote miwili ya mwisho, wangu na wa ofisi, aisome kila mmoja mara moja. Ule wa ofisi aliusoma vizuri. Wangu hakuumaliza kwa kucheka, ikabidi anaswe mara nne, na wachoraji waliokuwa nyuma ya kioo wakachukua ule wa nne, ambao ndani yake kicheko bado kinasikika kidogo katika silabi ya mwisho.