Sanduku la Mbao la Kubebea Zana za Shambani: Kazi Ndogo Inayolinda Kibanja cha Jirani

Katika vijiji vya Bukoba na Muleba, nyumba na shamba ni kitu kimoja. Kibanja huanzia mlangoni: migomba, mibuni na maharage hukua pamoja juu ya matandazo ya majani makavu. Matandazo hayo hulinda udongo, lakini pia humeza zana. Panga likiwekwa chini kwa dakika chache hupotea machoni, na mara nyingine hupatikana kwa kukanyagwa na mtoto aliye peku. Sanduku dogo la mbao lenye mpini humaliza taabu hiyo. Hata hivyo, ipo sababu kubwa zaidi ya kulitengeneza.

Panga linalobeba maradhi

Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria, ambao wengi wetu tunauita unyanjano, ulibainika wilayani Muleba. Mgomba unaougua hugeuka manjano na kunyauka majani, ndizi zake huiva kabla ya wakati, na shina likikatwa hutoa utomvu wa manjano. Hakuna dawa ya kuuponya. Ugonjwa huenezwa na wadudu wanaotembelea ua dume, na miche iliyotoka katika shamba lenye maradhi, na pia na zana zetu wenyewe. Panga lililokata mgomba mgonjwa hupeleka bakteria katika mgomba unaofuata, na mgomba mgonjwa waweza kuonekana mzima kwa muda.

Hapo ndipo wajibu wetu wa Kikristo unapoguswa. Jumuiya inapokwenda kumsaidia mjane au mgonjwa kusafisha kibanja chake, kila mmoja huja na panga lake kutoka shambani kwake. Bila tahadhari, tendo la huruma laweza kumwachia mwenye shida hasara kubwa kuliko ile tuliyokwenda kuipunguza. Si kwamba watu hawajali. Mara nyingi chupa ya dawa imebaki nyumbani, na hakuna anayerudi kuifuata. Sanduku tunaloeleza hapa lina chumba maalumu cha chupa hiyo, ili panga na dawa yake visafiri pamoja.

Vifaa

Tafuta ubao mmoja wa msonobari au mgrevilea wenye urefu wa futi 8, upana wa inchi 8 na unene wa inchi 1. Misumari ya inchi 2. Msumeno, nyundo, keekee na msasa. Kwa mpini, shina la mbuni lililonyooka, lililokatwa wakati wa kupogoa na kukaushwa vizuri, linafaa sana kwa kuwa mti wake ni mgumu. Liwe na unene wa sentimita 3 na urefu wa sentimita 85.

Hatua za kazi

1. Kata kitako chenye urefu wa sentimita 75. Kata vichwa viwili vya sentimita 30 kila kimoja. Kata kipande cha sentimita 80, kisha ukipasue katikati kwa urefu ili upate mbavu mbili. Mwisho kata kigawanyo cha sentimita 10. Vipimo hivi hutosha panga lisilozidi sentimita 60. Lako likiwa refu zaidi, ongeza urefu wa kitako, mbavu na mpini kwa kiasi hicho hicho.

2. Toboa tundu la mpini katika kila kichwa, katikati ya upana, sentimita 5 kutoka juu. Viweke vichwa pamoja unapopima, ili matundu yalingane. Punguza pembe za juu na kuzilainisha kwa msasa.

3. Simamisha vichwa nje ya ncha za kitako na uvipigilie. Kisha pigilia mbavu pande zote mbili, zikishika kitako na vichwa. Toboa kwanza vitundu vyembamba vya misumari karibu na kingo, ubao usipasuke.

4. Simamisha kigawanyo sentimita 12 kutoka kichwa kimoja, ukipigilie kupitia kwenye mbavu. Hicho ndicho chumba cha chupa ya nusu lita na brashi.

5. Pitisha mpini, uufunge kwa msumari mmoja kila upande. Toboa matundu machache katika kitako ili maji ya mvua yatoke, kisha paka rangi nyekundu au nyeupe, ionekane kwa urahisi juu ya matandazo.

Namna ya kulitumia

Changanya sehemu moja ya jiki na sehemu tano za maji, siku ile ile ya kazi. Andika jina la dawa juu ya chupa, uifunge vizuri na kuiweka mbali na watoto. Kabla ya kutoka mgomba mmoja kwenda mwingine, ondoa udongo na utomvu kwa brashi, kwa maana uchafu hupunguza nguvu ya dawa. Ndipo upake mchanganyiko huo pande zote za panga. Asiye na jiki aunguze panga kwenye moto mpaka chuma kisishikike. Jioni suuza zana kwa maji, zikaushe na kuzipaka mafuta, kwani jiki hula chuma. Ua dume liondolewe kwa kijiti chenye panda, bila kulikata kwa panga.

Vyombo vya kazi na vyombo vya altare

Katika Kanuni yake, sura ya 31, Mtakatifu Benedikto anamtaka mtunza mali wa monasteri avitazame vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare. Kwake, uzembe juu ya jembe na uzembe juu ya kalisi vina mzizi mmoja. Mwanadamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza (Mwa 2:15), na bustani ya jirani ni sehemu ya bustani hiyo.

Kila Jumuiya ingeweza kuanza na sanduku moja, likae kwa mwenyekiti na kutangulia kila mara wanajumuiya wanapokwenda kusaidiana. Vijana wanaojifunza useremala wanaweza kulikamilisha kwa siku moja. Aliye mwaminifu katika jambo dogo, asema Bwana, ni mwaminifu pia katika kubwa (rej. Lk 16:10).

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.