Je, wajua? Kate ina mizani mbili, mto pia

Msomaji aliyeko Kate, juu ya uwanda wa Ufipa, anaweza kupima shairi kwa majina ya kwao: Rukwa mizani (silabi) 2, Kalambo 3, Sumbawanga 4. Ajihadhari na neno fupi “mto”. Humo herufi *m* husimama peke yake kama silabi, hivyo nalo ni mizani 2.

Tazama mishororo hii iliyotungwa kwa ajili ya zoezi:

*Ufipa wa nyanda juu, upepo wavuma sana,*
*Mto wa Kalambo huu, maji yashuka, yanena.*

Kila mshororo una mizani 16, yaani 8 kwa 8. Kina cha kati ni *u*, cha mwisho *na*. Utamu hasa umo kwenye takriri: *ya* inarudi mara mbili katika “yashuka, yanena”, kama maji yanayoendelea kushuka.

Kanuni hizi zilielezwa kitabuni mwaka 1954 na Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika lilelile linalopakana na Ufipa. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe akatoa diwani ya *Kichomi*, akaviacha vina. Ubishi ukawaka!